Mashine ya kurusha theluji imegoma: uanze kutafuta wapi

Mashine nyingi za theluji hununuliwa mkononi, kwa mtu anayehama au anayesafisha banda lake, na huwa hazijawashwa tangu Machi. Theluji ya kwanza ikianguka Buffalo, Minneapolis, Portland ya Maine au Edmonton, kamba inavutwa mpaka bega linauma na injini haiitiki. Mwenye mashine ananunua plagi mpya ya cheche, kisha kabureta mpya, kisha anaambiwa injini imekufa. Mara nyingi haijafa. Sehemu kubwa ya matatizo ya mashine hizi hutokana na petroli iliyolala kwenye tangi, au na pini isiyo sahihi kwenye parafujo. Yote mawili hujulikana kwa kuangalia tu, kabla hujafungua hata nati moja.

Maelezo haya yanahusu zaidi mashine ya hatua mbili yenye upana wa inchi 24 hadi 28, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye nyumba zenye njia ya gari. Mbele ina parafujo, yaani chuma kilichojikunja kinachovuta theluji kuelekea katikati. Nyuma ya parafujo kuna feni inayoipokea theluji na kuirusha kupitia bomba. Mashine ndogo ya hatua moja haina feni: mapanga yake ya mpira hugusa ardhi, hukusanya na kurusha yenyewe, na theluji ikizidi sentimita 20 hivi huanza kulemewa. Kwa upande wa injini, mambo ni yaleyale kwa zote mbili.

Bomba likiziba

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linalokata vidole. Theluji yenye maji, ile ya karibu nyuzi 0, hushikamana ndani ya bomba na mashine huacha kurusha. Mtu anaachia mikono ya usukani, anaona parafujo imesimama, anaingiza mkono. Tatizo ni kwamba feni iliyokwama huwa bado imebeba mvutano wa mkanda, hata injini ikiwa imezimwa. Donge linapong'oka, feni huruka sehemu ya mzunguko, na hiyo inatosha kabisa kukata vidole. Glovu haisaidii, inavutwa pamoja na mkono.

Utaratibu ni huu, na haubadiliki hata ukiwa na haraka. Achia mikono yote miwili, zima injini, chomoa ufunguo, subiri kila kitu kisimame. Kisha tumia kijiti cha plastiki kinachofungwa juu ya mashine. Kama kimepotea, mpini wa ufagio unafaa. Kwa kazi yoyote ya kuingia ndani zaidi, mfano kutoa kamba iliyojizungusha kwenye parafujo, chomoa pia waya wa plagi na uusogeze mbali.

Kama bomba linaziba kila baada ya dakika chache, tatizo ni namna ya kufanya kazi au hali ya mashine. Theluji yenye maji inataka injini iende kwa mwendo wa juu kabisa na mashine itembee taratibu. Kula nusu ya upana badala ya upana wote. Watu wengi hupunguza mwendo wa injini wakidhani wanaipumzisha, na feni inayozunguka polepole haina nguvu ya kutoa theluji nzito. Pulizia silikoni ndani ya bomba na kwenye feni kabla ya kuanza, mashine ikiwa imezimwa na kavu. Kisha pima nafasi kati ya ncha za feni na ukuta wa chuma unaoizunguka, ufunguo na waya wa plagi vikiwa vimechomolewa. Ikizidi milimita 5 au 6, theluji yenye maji inarudi nyuma kupitia hapo. Kuna vipande vya mpira vinavyofungwa kwa bolti kwenye ncha za feni kuziba nafasi hiyo, na kwa mashine ya zamani ni fedha iliyotumika vizuri kuliko karibu kitu kingine chochote.

Angalia pia mavazi yako. Skafu ndefu, kitenge kilichofungwa juu ya koti, kamba za kofia: vyote vifungwe ndani. Watoto na watu wengine wakae mbali, na bomba lisielekezwe kwenye dirisha, gari au barabara. Jiwe lililojificha kwenye theluji hutoka pale kwa kasi ya kuumiza.

Injini haiwaki kabisa

Kabla ya vifaa, angalia vitu vitano kwa macho: ufunguo umeingia mpaka mwisho, koki ya mafuta iko wazi, choki imefungwa kama injini ni baridi, akseleta iko kwenye mwendo wa juu (alama ya sungura), na kuna petroli. Bonyeza kipira cha kuingizia mafuta mara 2 au 3. Halafu vuta kamba taratibu mpaka ikupe ukinzani, ndipo uvute kwa nguvu, na uirudishe kwa mkono bila kuiachia.

Kama mashine ina stata ya umeme wa nyumbani, chomeka waya kwenye injini kwanza, kisha ukutani. Ikishawaka, anza kuchomoa ukutani. Waya uwe wa nje, wenye pini tatu. Usibonyeze zaidi ya sekunde 5 kwa mara moja, na subiri kama dakika moja kabla ya kurudia, maana mota hiyo ndogo huungua upesi.

Bado kimya? Fungua plagi uitazame. Plagi ndiyo inayokuambia uelekee wapi.

Plagi kavu, isiyo na harufu ya petroli, maana yake mafuta hayafiki. Anzia kwenye tangi ushuke: koki, mpira wa mafuta (huganda ukiwa na maji, au hupasuka kwa uzee), kisha kabureta. Plagi iliyolowa petroli maana yake mafuta yamefika lakini hayachomeki: ama injini imefurika, ama hakuna cheche, ama petroli ni mbovu. Ikaushe plagi, fungua choki, weka akseleta juu, iache injini ikae na tundu wazi kwa dakika 10, kisha irudishe na ujaribu bila kubonyeza kipira.

Kupima cheche, tumia kipima cheche cha dukani kinachounganishwa kati ya waya na plagi. Ile njia ya kuegemeza plagi kwenye chuma cha injini na kuvuta kamba huweka cheche karibu na tundu linalotoa mvuke wa petroli. Nafasi ya meno ya plagi kwenye injini nyingi za mashine hizi ni milimita 0.7 hadi 0.8. Plagi mpya ni bei ndogo, ibadilishe kila mwaka na usipoteze muda kuisugua. Kama cheche hakuna hata kwa plagi mpya, chunguza waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kabla ya kulaumu koili, yaani kifaa kinachotoa umeme wa cheche. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma, injini inadhani umeizima.

Kamba ikiwa haivutiki kabisa, usiilazimishe. Ama stata imeganda barafu, ama feni imegandishwa kwenye ukuta wake na mkanda haujaachia. Sogeza mashine mahali penye joto kiasi mpaka iyeyuke. Kamba ikiwa nzito tu, shuku oili. Injini ya mipigo minne kwenye baridi kali inataka 5W-30, na kwenye baridi iliyozidi kabisa oili ya sintetiki ya 0W-30 huifanya izunguke kwa urahisi. Ukikuta ndani kuna oili ya 10W-40 ya gari la kiangazi, umeshapata jibu.

Inawaka, inakohoa, inazima

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote, na lina dalili tatu zinazofanana ambazo watu huzichanganya.

Injini inayokaa hai choki ikiwa imefungwa tu, na kufa mara unapoifungua, inakosa mafuta. Jeti, yaani kipande chenye tundu dogo linalopitisha mafuta ndani ya kabureta, imeziba. Injini inayopanda na kushuka yenyewe, kama inayohema, ina tatizo hilohilo kwa kiwango kidogo: tundu dogo la mwendo wa chini limezibwa na utando. Na injini inayokwenda vizuri dakika 10 kisha inafifia mpaka inakufa, halafu inawaka tena baada ya kukaa, mara nyingi ina kifuniko cha tangi kisichopitisha hewa. Jaribio lake ni rahisi: inapoanza kufifia, simamisha parafujo na ulegeze kifuniko kidogo. Ikipata nguvu, safisha tundu la kifuniko au ununue kingine.

Chanzo cha utando ni petroli yenyewe. Petroli ya kawaida ya vituo vya Marekani na Kanada huwa na ethanoli, mara nyingi asilimia 10. Ethanoli hunyonya unyevu, na petroli ikikaa zaidi ya siku 30 hivi huanza kuchacha na kuacha gundi ya rangi ya kahawia. Maji yakizidi hujitenga na kutua chini ya kikombe cha kabureta, ambako hugeuka barafu usiku. Asilimia 10 injini hizi huvumilia. Asilimia 15 hapana, na hapa wakazi wa Iowa na Minnesota wawe makini: pampu iliyoandikwa "Unleaded 88", ambayo mara nyingi ndiyo ya bei nafuu, ni petroli yenye asilimia 15 ya ethanoli. Ni ya magari tu. Weka petroli ya kawaida ya oktani 87, au isiyo na ethanoli kabisa kama kituo kinayo. Dawa ya kuhifadhi petroli itiwe siku ileile unayonunua mafuta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Haiponyi petroli iliyokwisha kuharibika. Mashine ndogo za zamani za mipigo miwili hutaka oili ichanganywe kwenye petroli, kwa hiyo usitumie kidumu kimoja kwa mashine mbili tofauti.

Kusafisha kabureta si kazi ya kuogopa. Fanyia nje au mahali penye hewa, injini ikiwa baridi, mbali na hita ya maji na moto wowote. Funga koki, kama hakuna, bana mpira wa mafuta kwa kibanio. Weka bakuli chini. Chini ya kabureta kuna kikombe cha chuma kilichoshikwa na bolti moja, kwa kawaida ya milimita 10 hadi 13. Ifungue taratibu na utazame kinachotoka: matone yanayojikusanya kama ushanga chini ya petroli ni maji, na unga mweupe au wa kijani ni kutu ya kabureta. Kwenye baadhi ya injini bolti yenyewe ndiyo jeti, na ina vitundu vidogo ubavuni. Kwenye nyingine jeti imo ndani ya nguzo ya katikati na inatoka kwa bisibisi bapa inayoenea sawasawa. Ielekeze kwenye mwanga. Lazima uone duara kamili. Ukiona duara lililobanwa, pitisha uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, kisha pulizia dawa ya kabureta ukiwa umevaa miwani. Usitumie sindano ya chuma wala keekee. Tundu likipanuka hata kidogo, injini itakunywa mafuta kupita kiasi na kutoa moshi mweusi.

Kabla ya kurudisha kikombe, inua boya kwa kidole na ulishushe. Linatakiwa lisogee bila kukwama, na petroli ikatike likiwa juu. Petroli inayovuja kwenye kabureta baada ya hapo ni sindano ya boya iliyochakaa au gasketi iliyovimba. Ikiwa kutu imekula chuma ndani, acha kusafisha. Kabureta mpya ya injini hizi mara nyingi hugharimu chini ya saa moja ya fundi.

Injini inanguruma, theluji hairuki

Simama pembeni, mbali na mbele, mtu mwingine akiwa mbali kabisa, shika mkono wa parafujo na utazame kinachozunguka. Usiiname kuchungulia.

Feni inazunguka na parafujo imesimama, upande mmoja au zote: pini ya kukatika imekatika. Hiyo ni kazi yake. Inakufa ili giaboksi iishi. Mahali inapokatika zaidi ni tuta ambalo gari la kusafisha theluji barabarani huliacha mwisho wa njia yako, lenye barafu, chumvi na mawe. Tuta hilo liingie kwa vipande vyembamba, na ulipige kwanza kwa koleo kama limeganda. Kubadilisha pini ni kazi ya dakika 5: ufunguo na waya wa plagi vimechomolewa, sawazisha tundu la parafujo na la shafti, sukuma kipande cha zamani kwa msumari butu na nyundo, ingiza mpya, funga.

Pini hiyo inunuliwe kwa namba ya mashine yako. Tunaona mara kwa mara mashine ambazo mwenye nazo, amechoka na pini kukatika, ameweka bolti ngumu ya duka la vifaa. Safari inayofuata ya jiwe au gazeti lililoganda, bolti haikatiki, na kinachovunjika ni gia ya shaba ndani ya giaboksi. Bei ya giaboksi inaweza kukaribia bei ya mashine nzima iliyotumika.

Kuna njia ya pili ya kufikia uharibifu huohuo ukiwa na pini sahihi. Parafujo ikishikwa na kutu kwenye shafti yake, pini ikikatika haisaidii kitu, kwa sababu parafujo na shafti vimekuwa kipande kimoja. Ukinunua mashine mkononi, hiki ndicho kipimo cha kwanza: toa pini zote na uzungushe kila upande wa parafujo kwa mkono. Zizunguke huru juu ya shafti. Zikigoma, mimina mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku mzima, gonga kwa nyundo ya mpira huku ukizungusha, na urudie. Zikishalegea, pampu grisi kwenye chuchu zake (vitundu vya kuingizia grisi) huku pini zikiwa nje, zungusha ili grisi ienee, ndipo urudishe pini. Fanya hivyo kila mwaka kabla ya theluji.

Feni na parafujo zote zimesimama: ni mkanda au kebo. Mkono wa parafujo ukiwa umeshikwa, springi ya kebo inatakiwa ijinyooshe kidogo. Mkono ukiwa umeachiwa, kebo iwe na ulegevu mdogo. Kaza kwa nati ya kurekebishia, zamu moja moja. Usikaze kupita kiasi: parafujo lazima isimame ndani ya sekunde 5 baada ya kuachia mkono. Ikiendelea kuzunguka, usiitumie mashine mpaka irekebishwe. Harufu ya mpira unaoungua ni mkanda unaoteleza, na chanzo chake huenda ni feni iliyoganda tangu jana. Ukibadilisha, chukua mkanda wa mtengenezaji. Mkanda wa gari wenye urefu uleule umeundwa kwa kazi nyingine na haudumu pale.

Zote zinazunguka lakini theluji inaanguka karibu: rudi kwenye mwendo wa injini na ile nafasi ya feni.

Haitembei, au inavuta upande

Mashine nyingi husukumwa na gurudumu la mpira linalobanwa kwenye sahani ya chuma chini ya injini. Barafu au oili ikiingia hapo, mpira unateleza. Kama mashine ilikuwa nzuri jana na leo haitembei baada ya kulala nje, iache iyeyuke na ikauke kabla ya kufungua kitu. Kama imekuwa ikidhoofika taratibu, fungua bamba la chini uutazame mpira: ukikaribia chuma kinachoushika, ubadilishe mara moja, kwa kuwa chuma kikigusa sahani utanunua vyote viwili. Kuifikia sehemu hiyo mashine husimamishwa kwa pua yake. Toa petroli kwanza.

Gurudumu moja likizunguka na jingine limelala, chungulia pini ya ekseli. Mara nyingi imedondoka njiani. Kuvuta upande mmoja karibu daima ni upepo wa tairi usiolingana, na usomaji sahihi umeandikwa kwenye tairi lenyewe. Kama upepo ni sawa, tazama viatu vya pembeni vinavyoteleza ardhini: kimoja kimelika kuliko kingine. Kwenye lami au zege viweke ili bamba la kukwangulia liwe kama milimita 3 juu ya ardhi. Kwenye changarawe lipandishe sentimita 3, la sivyo mashine itageuka ya kurusha mawe.

Moshi, mtikisiko, oili

Moshi mweusi mara nyingi ni choki iliyosahauliwa. Moshi wa bluu unaoisha baada ya dakika chache hutokea mashine ikiwa ililazwa ubavu. Usipoisha, pima oili, huenda imezidi. Ujazo wa injini hizi mara nyingi ni kati ya lita 0.6 na 1.1, lakini amini kijiti cha kupimia oili kuliko namba. Mashine mpya ibadilishwe oili baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila mwaka. Mtikisiko wa ghafla ni amri ya kuzima papo hapo: kuna kitu kimejizungusha, feni imepinda, au bolti za injini zimelegea.

Oili inayotoka ghafla kwenye sili (mpira unaozuia oili kuvuja) wakati wa baridi kali inatisha, na mara nyingi sili si mbovu. Kibomba cha kupumulia cha injini kimeziba kwa barafu na shinikizo limetafuta njia nyingine. Yeyusha kibomba kabla ya kununua sili.

Baada ya kazi na baada ya majira

Kabla ya kuzima, ukiwa bado nje, acha parafujo izunguke dakika moja ili itupe theluji iliyobaki. Zima, chomoa ufunguo, kisha vuta kamba mara 3 au 4 ili stata isigande. Usiiwashe wala kuiacha ikiunguruma ndani ya gereji hata mlango ukiwa wazi: kaboni monoksaidi haina harufu na hupenya mpaka vyumbani. Petroli ijazwe injini ikiwa imepoa, nje, na kidumu kijazwe kikiwa chini ardhini, kamwe kisijazwe kikiwa ndani ya gari.

Theluji ikiisha, chagua moja: tangi lijae petroli yenye dawa na injini iendeshwe dakika kadhaa ili dawa ifike kwenye kabureta, au mafuta yote yatolewe na injini iendeshwe mpaka izime yenyewe, kisha kikombe cha kabureta kimwagwe. Njia ya pili ndiyo tunayoiamini zaidi, maana kabureta kavu haina cha kuchacha. Pini 6 za akiba na mkanda mmoja vinunuliwe Septemba. Siku ya dhoruba rafu za maduka huwa tupu kufikia saa nne asubuhi.